Chai Kando, Maziwa Kando

Kuna mkahawa mdogo ukitoka Juja kuelekea Kalimoni ambao jina lake nitalibania, maana wenye nyumba hawajanikosea na sitaki mwende kuwasumbua. Ni nyumba ya mawe ya zamani, bati jekundu, waridi mlangoni, viti vya chuma vilivyopakwa rangi nyeupe. Ubaoni wameandika kwa chaki: kiamshakinywa cha Kiingereza, siku nzima. Nilifika Jumamosi saa tatu asubuhi na nakala ya mtumba ya The Flame Trees of Thika, niliyookota kwa soo mbili kwa muuza vitabu wa kando ya barabara. Nilitaka kukisoma kitabu hicho mahali kinapofanana napo. Nikakuta sahani nayo inasomeka.

Wacha niseme ukweli mapema: chakula kilikuwa kitamu. Mayai mawili ya kukaanga, kiini bado kinatikisika. Soseji mbili nono, bekoni iliyokaukia pembeni, nyanya iliyokatwa katikati ikachomwa, uyoga, tosti, na yale maharagwe ya mkebe yenye mchuzi wa sukari ambayo mtu yeyote aliyesoma shule ya bweni huku anayatazama kwa mashaka. Sisi maharagwe tunayajua na mahindi, na chumvi. Lakini nilikula yote. Nilifuta sahani kwa kipande cha tosti.

Tatizo lilikuwa chai. Ililetwa kwenye birika la kaure lililovikwa kofia ya sufi kama mtoto anayepelekwa kliniki. Kando, jagi dogo la maziwa baridi. Kando tena, sukari na koleo lake. Yaani kila kitu kipo, ila hakuna aliyevikutanisha. Unamimina mwenyewe, unachanganya mwenyewe, na kabla hujamaliza kukoroga imeshapoa. Kwetu chai hupikwa. Maji, maziwa, majani, pengine tangawizi, vyote sufuriani, vichemke mpaka vitake kumwagika, uinue, urudishe. Chai ya Kiingereza haipikwi, inapangwa mezani.

Na Uingereza yenyewe hailimi chai ya kutajika. Ile pakiti yenye jina la London huwa na majani ya Assam, ya Sri Lanka, na ya kwetu. Chai ya kwanza Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903, lakini kilimo cha biashara kilishika kasi miaka ya 1920. Mkulima mdogo Mwafrika alikuja kufunguliwa mlango baadaye sana, hasa baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, na KTDA ikaundwa 1964. Leo majani yanachumwa Gatanga na Gatundu, milima ile unayoiona ukiwa Thika asubuhi isiyo na ukungu. Yanashuka Mombasa kwenye mnada, yanapanda meli, yanachanganywa, yanatiwa kwenye vifuko vyenye uzi, halafu pakiti chache zinarudi hadi kwenye meza yangu Kalimoni. Safari yote hiyo, na bado yaliniomba niyatilie maziwa baridi.

Sasa kitabu. Elspeth Huxley alikichapisha 1959, akikumbuka maisha ya familia yake Thika kuanzia 1913, alipokuwa mtoto. Wengi wetu tunakijua kwa jina tu, au kwa ile tamthilia ya televisheni ya 1981 aliyoigiza Hayley Mills. Kisome. Huyu mama alijua kuandika. Anajua harufu ya nyasi kavu na ya moshi, anajua kuwacheka Wazungu wenzake: baba mwenye ndoto kubwa za kahawa aliyeuziwa kipande cha kilima kwa maneno matamu, majirani waliokuja kukaa porini na mapambo ya sebule. Wagikuyu wake wana majina, wana kesi zao, wana hila. Mpishi wao, Juma, ana kiburi cha mtu anayejua bila yeye nyumba italala njaa. Anayesema kitabu hiki ni propaganda tupu hajakisoma.

Ila kuna mbinu moja ambayo nikishaiona, siwezi kuacha kuiona. Msimulizi ni mtoto. Mtoto haulizwi shamba lilitoka kwa nani. Mtoto anaona chakula kimefika mezani, na kwake kufika ndiyo habari yote. Aliyekibeba anaonekana mkono na mavazi, mara nyingine mdomo wake ukisema jambo la kuchekesha, kisha anarudi jikoni na ukurasa unageuka. Lakini aliyeshika kalamu hakuwa mtoto. Mwaka kitabu kilipotoka ndio mwaka ambao mahabusu 11 waliuawa kwa kipigo kambini Hola, mwezi wa Machi. Ukimtanguliza mtoto mbele yako wakati kama huo, umechagua. Simlaumu kwa kupenda utoto wake. Namlaumu kwa jinsi upendo huo ulivyomfaa.

Na eneo hili lina mazoea hayo. Juja hapa palikuwa shamba la Northrup McMillan, tajiri kutoka Marekani, na mwaka 1909 Theodore Roosevelt alikuja kulala na kuwinda, akaandika kitabu. Maktaba ya McMillan pale Nairobi, iliyofunguliwa 1931 kwa kumbukumbu yake, kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Hebu fikiria: shamba kwetu, wasomaji kwao.

Miaka mitano baada ya Huxley, Ngũgĩ alitoa Weep Not, Child. Humo mna karamu ndogo ya Krismasi ambayo kwangu ndiyo jibu, hata kama hakukusudia kumjibu mtu. Juliana, mke wa Jacobo, mwenye mali, anawaalika watoto wa majirani. Wanainamisha vichwa kuombea chakula, Njoroge anaponyokwa na kicheko, na Juliana anawasomea hotuba ya adabu. Hapo pia msimulizi yuko karibu na mtoto. Tofauti ni kwamba mtoto huyu chakula hakimfikii hivi hivi. Kinafika kikiwa na mtihani, naye anaufeli mbele ya msichana anayempenda. Wala mwenye meza si Mzungu. Ngũgĩ alijua mapema kwamba meza itarithiwa, pamoja na hotuba yake.

Hilo ndilo lililonikaba pale Kalimoni. Wateja wote tulikuwa sisi. Meza ya pili walikuwa vijana wanne wa chuo wakipiga picha birika. Hakuna aliyetufukuza, hakuna aliyetuomba adabu, na bado nilijikuta nimekaa wima, nashika kikombe kwa vidole viwili.

Shosho yangu aliwahi kufanya kazi kwenye nyumba ya namna hii. Alijua kupanga hizo trei kuliko mimi nijuavyo kusoma. Nyumbani kwake hatukuwahi kuona kisahani cha kikombe. Nilipomuuliza mara moja mbona, alisema chai ya kando kando ni ya watu wasioaminiana. Kisha akanijazia kikombe cha bati hadi kwenye ukingo. Nilidhani ni utani.

Nilipoenda kunawa mikono nilipita nyuma ya jikoni. Wafanyakazi watatu walikuwa wameketi juu ya kreti za soda wanakunywa chai, ile yenye rangi ya kahawia inayoeleweka, na mandazi kwenye gazeti. Sufuria ilikuwa chini, bado inatoa mvuke. Dada aliyenihudumia alisimama haraka akadhani nataka kitu.

Nikamwambia, ndiyo, nataka hiyo.

Alicheka. "Hii haiko kwa menyu, boss."

Akanimiminia hata hivyo, na nilipouliza bei wakaangalia kwanza mlango wa mbele, kisha wakasema nikae.

Nikasogezewa kreti.