Roketi si kombora

Juma lililopita nilikwama Burnt Forest kwa saa mbili. Matatu niliyoabiri kutoka Nakuru kwenda Eldoret ilipasuka gurudumu karibu na soko, na kwa kuwa baridi ya huko haina adabu, sisi abiria tulijisitiri katika kibanda cha chai. Makanga, kijana mchangamfu, alikuwa akimwonyesha dereva video kwenye simu: roketi ya Starship, tarehe 13 Oktoba 2024, sehemu yake ya chini yenye urefu wa mita 71 ikirudi kutoka angani na kushikwa na mikono miwili ya mnara kule Texas.

"Cheki vile inadakwa," akasema. "Kama golikipa na mpira."

Dereva hakushawishika. "Na wakikosa kuidaka hiyo kombora?"

Mama aliyekuwa akitumiminia chai akasita, birika mkononi. "Kombora? Nani anapigwa tena?"

Wasomaji wa Uasin Gishu hawahitaji kuelezwa uzito wa hilo neno *tena*. Burnt Forest iliona moto mwaka 1992, ikauona mara nyingine mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008. Huko mtu hasikii habari za kombora kama asikiavyo habari za mpira. Makanga akacheka, akamwambia, "Si vita, mathe, ni ya kwenda juu tu." Mimi nilitazama kikombe changu. Miaka thelathini hivi iliyopita nilitafsiri kijitabu cha sayansi cha shule za msingi, na kila palipotajwa roketi niliandika "kombora la angani". Nilikuwa mhadhiri chipukizi, nikaona "roketi" ni utohozi wa mvivu. Sina wa kumlaumu.

Kombora, kama kamusi za zamani zinavyotuambia, ni ile risasi kubwa ya mzinga inayolipuka inapofika. Siku hizi tumelipanua lifae pia silaha inayojiendesha angani, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na habari za redio na magazeti yetu ambamo chombo kinachopeleka darubini au setilaiti kinaitwa kombora katika aya ya kwanza, roketi katika aya ya pili, na "ndege ya angani" katika aya ya tatu. Jina likishakuwa la kivita, vitenzi navyo hufuata mkondo huo huo: kombora "hufyatuliwa", "hulengwa", "hulipuka".

Hebu tulitazame hili *fyatua*. Mtego hufyatuka. Bunduki hufyatuliwa. Hata matofali hufyatuliwa kutoka kwenye kalibu. Katika matumizi yote hayo kitu huachiliwa kwa mara moja, na kinachotoka hakina nguvu yake chenyewe. Mshale hupata mwendo wake wote pale unapoachwa na upinde. Baada ya hapo ni kupungua tu. Roketi ni kinyume kabisa. Huanza kwa kujikokota, tani mamia zikiinuka polepole kama mzee anayeinuka kitini, kisha kasi huzidi kadiri mzigo wake unavyoteketea. Mwandishi anayesema roketi "ilifyatuliwa" amemweleza msomaji mshale. Kiswahili kina *kupaa*, kina *kuruka*, na kwa upande wa wenye chombo, kina *kurusha*. Vinatosha.

Hata *kurusha* kuna mtego ndani yake. Tukisema roketi "imerushwa", tunamfanya msikilizaji atafute mkono uliorusha. Ukweli ni kwamba roketi ndiyo inayorusha: hutupa gesi nyuma kwa kasi kubwa, nayo ikasogea mbele. Mtu akisimama juu ya mkokoteni wenye magurudumu laini na kuvurumisha viazi kuelekea nyuma, mkokoteni utasogea mbele, na hauhitaji ukuta wa kugongwa na viazi hivyo. Nimesoma si mara moja kwamba moto wa roketi "husukuma ardhi" au "hukanyaga hewa". Kama ingekuwa hivyo, isingeweza kwenda popote baada ya kutoka kwenye hewa.

Utafiti wa injini za roketi, kwa sehemu kubwa, ni utafiti wa namna ya kutupa viazi vichache kwa kasi zaidi. Hapo ndipo neno letu *nguvu* linapotuangusha. Chombo cha Psyche, kilichoondoka Marekani tarehe 13 Oktoba 2023 kuelekea asteroidi ya jina hilo hilo, kinaendeshwa na injini za umeme zinazotupa chembe za gesi ya zenoni. Habari kama hizo hupenda kusifu "injini mpya yenye nguvu za ajabu". Msukumo wake hauzidi sana uzito wa betri moja ndogo ya tochi iliyolala kiganjani! Haiwezi kuinua hata kikombe cha chai. Sifa yake ni kwamba hutupa kidogo sana, kwa kasi mara kadhaa kuliko injini ya moto, na huendelea kutupa kwa miezi na miezi. Wanafizikia wa Kiswahili wametupatia *kani*, *nishati* na *nguvu*, kila moja na kazi yake. Injini hii ni dhaifu wa kani, lakini haina israfu. Sentensi hiyo haikunigharimu istilahi hata moja mpya.

Makosa mengine yamejificha katika neno la kila siku, *mafuta*. Roketi "imejazwa mafuta", tunaambiwa. Injini za Starship huchoma methani, na methani wakulima wa Burnt Forest wanaijua bila kuijua jina: ndiyo gesi inayowaka jikoni kwa wale waliochimba mtambo wa samadi ya ng'ombe. Wachina waliwatangulia wengine wote kufikisha roketi ya methani kwenye mzingo wa dunia, Julai 2023, kwa chombo kiitwacho Zhuque-2. Lakini methani ni sehemu ndogo ya kinachojazwa. Zaidi ya robo tatu ya uzito huo ni oksijeni, iliyopozwa hadi ikawa kimiminiko, kwa sababu huko juu hakuna hewa ya kuwashia moto. Kwa hiyo anayesema "mafuta" amekitaja kidogo na kuacha kingi, tena amekiacha kile kinachotofautisha roketi na ndege ya abiria. Nimeona wenzangu wakihangaika kuunda neno moja la kubeba vyote viwili. Mimi ningesema tu "mafuta na oksijeni", nikaenda zangu.

Pale ambapo neno linahitajika kweli, tunakimbilia tafsiri sisisi. Roketi nyingi hujengwa kwa vipande vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, na cha chini kikimaliza kazi hukatika na kuanguka. Vipande hivyo tumeviita "hatua": hatua ya kwanza imeanguka baharini, hatua ya pili imewaka. Hatua inaangukaje baharini? Mtoto yeyote aliyewahi kula muwa anajua *pingili*. Muwa una pingili, na kati ya pingili na pingili kuna fundo. Roketi ya Scout, iliyopeleka setilaiti ya Uhuru kutoka Ngomeni karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilikuwa ya pingili nne. Uhuru ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza kuundwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, na ilipewa jina hilo kwa heshima ya sikukuu yetu. Wanafalaki wa dunia nzima hulitamka. Na ikiwa kuna anayeona aibu kusema *roketi* kwa kuwa ni neno la kuazima, akumbuke kwamba Waingereza nao waliliazima. Asili yake ni Kiitaliano, jina la kijiti kidogo cha kuzungushia uzi. Mji wenyewe wa Burnt Forest, kwa miaka yote hii, sijasikia mtu akiutafsiri jina, na hakuna aliyepotea njia.

Narudi kwenye fundo, maana hapo suala linaacha kuwa la walimu wa lugha. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita mbili na nusu hivi na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kwamba ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi, yaani, kwa lugha ya muwa, fundo. Mtu akiambiwa kipande cha kombora kimeanguka shambani mwake, atauliza swali la mama wa chai: nani anatupiga? Atakimbia, na ana haki ya kukimbia. Akiambiwa ni fundo la roketi, swali lake litakuwa jingine: la nani? Swali hili la pili lina jibu katika sheria. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unasema kwamba dola iliyorusha chombo ndiyo inayowajibika kulipa kikileta hasara kikianguka ardhini, hata kama haikuzembea.

Dola *iliyorusha* ni ipi? Hapa nakiri nimebadili mawazo. Tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti ya Taifa-1 ilipopaa, vichwa vya habari vilisema "Kenya yarusha setilaiti". Nilikereka. Roketi ilikuwa Falcon 9 ya SpaceX, ikitoka Vandenberg, California, na setilaiti yetu ilikuwa kisanduku ambacho mtu angekibeba kwapani miongoni mwa abiria wengine. Darasani niliwaambia wanafunzi kwamba sentensi sahihi ni "Kenya imerushiwa setilaiti". Kauli ya kutendewa ipo, tuitumie. Mwanafunzi mmoja wa sheria aliyekuja kusikiliza tu akanyosha mkono. Akasema mkataba ule unahesabu kuwa mrushaji si mwenye roketi peke yake, bali pia mwenye uwanja, na hata dola iliyoagiza kitu kirushwe. Nilikwenda kuusoma. Yuko sahihi. *Yarusha* ya magazeti, ambayo naamini iliandikwa kwa majivuno tu, ndiyo inayotuweka kwenye orodha ya wanaowajibika. *Imerushiwa* yangu ingetutoa kwa ujanja wa sarufi. Hata hivyo, bado nataka msomaji ajue ni nani aliyewasha injini. "Kenya yarusha setilaiti kwa roketi ya Marekani" ni maneno saba, na yanaingia vizuri katika kichwa cha habari.

Kwa Kenya haya hayataisha. Ikweta inapita Timboroa, mwendo mfupi tu kutoka kile kibanda cha chai, na mahali palipo kwenye ikweta huzunguka na dunia kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa kuelekea mashariki. Roketi inayopaa kuelekea upande huo hupata mwendo huo bila kulipia. Ndiyo sababu mojawapo iliyowaleta Waitaliano Ngomeni katika miaka ya sitini, na ndiyo inayofanya mazungumzo ya kituo kipya cha kurushia roketi pwani yasife. Siku wakazi watakapoitwa barazani kuulizwa kama wanakubali, kuna mtu atasimama na kuwaeleza kwa Kiswahili kitakachopaa ni nini, pingili zake zitaanguka wapi, na nani atalipa. Ningependa mtu huyo asiwe amesoma kijitabu changu.

Nimekitoa rafuni. *Kombora* limo mara kumi na tatu, na nimelifuta kwa kalamu nyekundu mara zote, ingawa mchapishaji alishafunga duka zamani. Kushikwa kwa roketi na mnara hakumo, bila shaka, lakini kama ningekiandika leo ningetumia neno la makanga. Magazeti mengi yaliandika roketi "ilinaswa", kama panya. *Kudaka* ni kupokea kwa makusudi kitu kinachokujia, nawe ulikuwa ukikingoja.

Msomaji kutoka Kitale aliyeuliza kama ni "obiti" au "mzingo": humu nimetumia mzingo, ila sijaridhika, maana wengine hulitumia neno hilo kwa mstari wa duara tu, na njia ya setilaiti aghalabu si duara kamili. Nitumie sentensi tatu au nne ulimolikuta, tuzitazame.