Wanja wa Mwana Kupona

Wazazi wengi wamo katika shaka juu ya binti zao: je, wawape ruhusa kupaka wanja, poda na rangi ya midomo, au wawazuie mpaka wawe watu wazima? Katika mabishano hayo hutajwa mara nyingi Utendi wa Mwana Kupona, na kila upande wauvuta kwake. Hawa husema kwamba mama yule alimwagiza bintiye ajipambe. Wale husema kwamba alimfundisha adabu. Yafaa basi tuutazame utendi wenyewe.

Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka, mkuu wa Siyu katika kisiwa cha Pate, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1856, naye mwenyewe alikuwa ameshikwa na maradhi yapata mwaka mzima. Akamwita bintiye, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi, akae karibu naye. Msomaji na alikumbuke neno hili. Mama huyu hakuwa na tumaini la kuwapo kila asubuhi aseme, paka, au futa. Ilimpasa amwachie mwanawe maneno yatakayokaa.

Katika maneno hayo mapambo hayaji kwanza. Hutangulia dini, ulimi wa adabu, ukweli, kisha radhi tano ambazo mwanamke hana budi kuzitafuta: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Ndipo yaja kuoga, kusuka nywele, asumini kitandani, bangili, kidani, marashi, hina vidoleni, na wanja machoni hata kwenye nyusi. Twaziona beti hizi kuwa katika zilizo nzuri kabisa. Mtungaji haoni haya. Kila kitu hupewa mahali pake katika mistari mifupi, kana kwamba mama afungua kasha lake na kukitoa kimoja kimoja. Anayetaka kupiga marufuku mapambo yote hana shahidi hapa.

Lakini wa upande wa pili naye asifurahi upesi. Mapambo hayo yote ni ya mke nyumbani mwa mumewe. Alice Werner na William Hichens, walipouchapa utendi mwaka 1934, waliupa jina la Kiingereza lenye kutaja wajibu wa mke, nao hawakukosea. Mzazi ampakaye mtoto wa miaka saba rangi ya midomo kwa ajili ya arusi, kisha akamtaja Mwana Kupona, amemvika mtoto nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mzima. Na hapo twaona upungufu wa utendi wenyewe: hausemi neno juu ya furaha ya msichana ajipambaye kwa kucheza na wenzake, wala haudhani kwamba mwanamke aweza kujipendeza kwa nafsi yake. Tena ni utendi wa nyumba ya kibwana. Wamwonya binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Hayo hatuyachukui.

Wala haukujua tunayoyajua leo: kwamba wanja mwingine una madini ya risasi, yenye kudhuru akili za watoto, na kwamba hina nyeusi yenye dawa za kutia nywele rangi yaweza kuiunguza ngozi. Hapa mzazi hahitaji mshairi. Amwulize mwuzaji kilichomo, asipojua, asinunue.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo hatujaliona likisemwa vema kuliko humu. Mwanzoni mama amwambia bintiye kwamba atamtungia kidani cha lulu na marijani, naye maana yake ni mawaidha haya. Hakuyadharau mapambo, aliazima heshima yake ili maneno yapendeze. Mzazi amwonaye binti wa miaka kumi na minne na midomo myekundu, akamwita jina la aibu mbele ya watu, amekitupa kidani hicho. Binti amesikia tusi, hakusikia sababu, na kesho atajipaka kwa jirani.

Utendi umo pia katika kitabu cha J. W. T. Allen kiitwacho Tendi, cha mwaka 1971. Lugha yake ni Kiamu, ambamo wanja ni wanda na macho ni mato. Msomaji wa bara atataka msaada wa mtu wa pwani. Twashauri mama ausome pamoja na bintiye, bila kuziruka beti za mapambo.