Vurugu, Mageuko na Ulimwengu: Uhakiki wa Istilahi Tatu za Sayansi

Miongoni mwa istilahi za fizikia zinazosumbua vichwa vya wafasiri na walimu, entropi ni mojawapo ya zilizo sugu. Katika shule zetu za sekondari somo hili hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mwalimu anapoona kwamba darasa halimfuati hugeukia Kiswahili, na hapo dhana hupewa jina la papo kwa papo: mara vurugu, mara machafuko, mara mparaganyiko, mara uchakavu. Makala hii inakusudia kuyapima majina hayo pamoja na maneno mawili yanayoandamana nayo, yaani mageuko na ulimwengu. Sababu ya kuyapima kwa pamoja ni kwamba matatu haya yakifasiriwa ovyo ndani ya sentensi moja huzaa hoja ambayo msomaji huidhania kuwa sayansi, kumbe ni kosa la tafsiri.

Hoja yenyewe ni mashuhuri. Husemwa kwamba, kwa mujibu wa sheria ya pili ya themodinamiki, vurugu duniani huongezeka daima. Uhai ni mpango, si vurugu. Kwa hiyo uhai haungeweza kutokea wenyewe, wala viumbe sahili havingeweza kugeuka vikawa viumbe changamano. Mtu aweza kuikubali nadharia ya Darwin au kuikataa kwa sababu zake mwenyewe, na hilo si shauri la mtaalamu wa istilahi. Lakini hoja hii imesimama juu ya maneno mawili, vurugu na duniani, na hakuna hata moja kati yake lililomo katika sheria inayotajwa.

Tuanze na duniani. Rudolf Clausius, Mjerumani aliyeliunda neno entropi mwaka 1865, aliikamilisha makala yake kwa kauli mbili fupi: kwamba nishati ya ulimwengu haiongezeki wala haipungui, na kwamba entropi ya ulimwengu huelekea kilele chake. Neno la Kijerumani alilolitumia laweza kufasiriwa ulimwengu, na laweza pia kufasiriwa dunia. Mfasiri akichagua dunia, sarufi yake haitakuwa na dosari yoyote, ila sheria itakuwa uongo. Clausius alikuwa akisema juu ya vitu vyote kwa jumla, visivyo na kitu cha nje yake cha kupokea joto wala kulitoa. Dunia haiko hivyo. Nasi katika Kiswahili tuna mtego wa ziada, maana katika mazungumzo ya kila siku ulimwengu ni hii hii dunia na mambo ya watu wake. Walimwengu ni majirani zetu wala si nyota. Mwandishi wa kitabu cha sayansi hana budi kulitenga neno hili mapema, aseme kwamba kwake yeye ulimwengu ni jua, sayari, nyota na anga zote, na asilichanganye tena.

Pamoja na hilo, wengi huandika mfumo uliofungwa wakikusudia hali mbili tofauti. Uko mfumo usiopitisha maada lakini unapitisha nishati, na uko usiopitisha chochote. Napendekeza wa kwanza uitwe mfumo funge, na wa pili mfumo uliotengwa. Dunia inakaribia kuwa mfumo funge, lakini haijapata kuwa mfumo uliotengwa hata siku moja. Uso wa jua una joto la nyuzi za Selsiasi kama 5,500, na nuru hiyo ndiyo tunayopokea; nayo dunia huirudisha nishati angani kwa wastani wa joto la nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa kila chembe moja ya nuru ya jua, dunia hutoa chembe kama 20 za miali ya joto isiyoonekana kwa macho. Nishati iliyoingia na iliyotoka ni karibu sawa. Tofauti ni kwamba iliingia ikiwa imekusanyika na imetoka ikiwa imetawanyika. Viumbe huishi kwa tofauti hiyo. Ludwig Boltzmann alikwisha kulieleza jambo hili katika hotuba yake huko Vienna mwaka 1886, kwamba viumbe havigombanii malighafi wala nishati yenyewe, bali hugombania ile nafasi inayopatikana nishati inapopita kutoka jua lenye moto kwenda dunia yenye ubaridi. Na ubaridi wa anga nao una historia: ulimwengu umekuwa ukitanuka kwa miaka ipatayo bilioni 13.8, na joto lililobaki katika anga tupu ni kama nyuzi 270 chini ya sifuri. Laiti anga lote lingekuwa na joto sawa na la jua, jani la muhogo lisingeweza kutengeneza hata chembe ya wanga, ijapokuwa nuru ingekuwa tele.

Sasa tuligeukie vurugu. Neno hili lina mzizi katika kitenzi vuruga, nacho ni kitenzi elekezi: pana mvurugaji na pana kinachovurugwa. Vurugu huzushwa, hulaumiwa na hutulizwa na polisi. Machafuko ni hali kadhalika. Mparaganyiko ni afadhali, kwa kuwa kauli ya kutendeka huondoa mtendaji. Lakini bado unamfanya msomaji afikirie chumba kisichopangwa, na entropi haihusu usafi wa chumba. Ni kipimo cha namna nishati na chembe zilivyotawanyika katika hali nyingi zinazowezekana, nacho kina vizio na hupigiwa hesabu.

Mfano unaofaa kuliko chumba uko ardhini kwetu, katika ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama, mkoani Shinyanga, hadi Geita. Katika ukoko wa dunia kwa jumla, dhahabu ni miligramu chache tu kwa kila tani ya mwamba. Katika mashimo ya Nyankanga na Geita Hill ni gramu kadhaa kwa tani, yaani mara elfu na zaidi. Ikiwa sheria inasema kwamba kila kitu lazima kivurugike, nani aliyezikusanya chembe hizo? Jibu linajulikana. Miaka ipatayo bilioni 2.6 iliyopita, maji yenye moto mkali yalipanda kutoka chini kwa njia ya nyufa, yakiwa yamebeba dhahabu iliyoshikamana na salfa. Yalipokutana na miamba yenye chuma kingi, chuma kiliinyakua salfa, na dhahabu ikaachwa pale pale. Dhahabu ilikusanyika kwa sababu kitu kingine kilitawanyika kwa wingi zaidi: joto la kina cha dunia lililokuwa likitoroka kuelekea juu. Sheria haikuvunjwa, ililipwa. Mwanafunzi aliyeelewa jinsi mwamba wa Geita ulivyopata dhahabu hatashangaa kuambiwa kwamba chembe hai nayo hujipanga kwa kutoa joto nje yake.

Miamba hiyo ya chuma ina habari nyingine inayomhusu mwanabiolojia. Ni miamba ya tabaka jembamba jembamba, chuma na silika zikipokezana, na ilitulia chini ya bahari ya kale. Chuma kilikuwa kimeyeyuka katika maji ya bahari hiyo, na wataalamu wengi huona kwamba vijidudu vilivyotumia nuru ya jua vilikuwa na sehemu kubwa katika kukigandisha. Kama ni hivyo, basi taka za viumbe wa mwanzo ndizo zilizoitega dhahabu. Chuma chenyewe kilipikwa ndani ya nyota, nacho ni kama jivu lake, maana nyota ikifika kwenye chuma haina tena faida ya kuunganisha viini. Dhahabu ilihitaji moto mkubwa kuliko huo. Tarehe 17 Agosti 2017 wanafalaki walinasa mgongano wa nyota mbili za nyutroni, na katika nuru yake wakaona dalili za elementi nzito zikizaliwa. Kwa hiyo mtu anayeshika jiwe la Geita mkononi ameshika nyota, bahari, vijidudu na joto la ardhi kwa pamoja, na mwalimu wa huko hana haja ya kuagiza mfano kutoka ng'ambo.

Wala wahenga wa nchi hiyo hawakuwa wageni wa hesabu hii. Warongo wa Uzinza walikuwa wafuaji wa chuma tangu zamani. Mawe yenye kutu yaligeuzwa kuwa chuma safi, jambo linaloonekana kwenda kinyume na maumbile, lakini gharama yake ilionekana kwa macho: makaa yaliyoteketea, joto na moshi uliokwenda, na mavi ya chuma yaliyobaki. Istilahi mavi ya chuma, kwa maoni yangu, ina sayansi nyingi kuliko vurugu. Mwadui nako, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, kuna somo fupi la nyongeza. Juu ya ardhi, almasi ingepaswa kugeuka kuwa grafiti, lakini haigeuki mbele ya macho yetu wala ya vitukuu vyetu. Sheria hutaja mwelekeo, haitaji mwendo, na mfasiri asiongeze maneno kama haraka au mara moja mahali ambapo hayapo.

Nikija kwenye mageuko, hapa Kiswahili kimefanya kazi nzuri kuliko tunavyokisifu. Mageuko yanatoka katika geuka, mageuzi katika geuza. La pili linadai mwenye kugeuza. Ndiyo maana limewafaa wanasiasa, na tangu miaka ya mwanzo ya 1990 limo hata katika jina la chama, NCCR-Mageuzi. Nadharia ya Darwin haina mgeuzaji aliyekusudia, kwa hiyo mageuko ndilo neno lake, na anayeandika mageuzi ya viumbe ameingiza dhana ambayo mwenye nadharia hakuiweka. Kosa baya zaidi ni kuandika maendeleo, kana kwamba mdudu wa tumboni aliyepoteza macho na miguu hakugeuka kwa sababu hakuendelea. Jambo la kufurahisha ni kwamba Clausius, alipotafuta jina la dhana yake, alichota neno la Kiyunani lenye maana ya mgeuko, akalipa umbo linalokaribiana na lile la nishati kwa makusudi. Kwa hiyo entropi na mageuko ni ndugu wa mzizi mmoja wa maana. Lakini sisi tumekwisha kuitumia geuka kwa wanabiolojia, na haifai kuirudia.

Yamebaki uchakavu na mtawanyiko. Uchakavu ni mali ya wahasibu, nao wanaukokotoa kila mwaka katika hesabu za magari na samani, tuwaachie. Mtawanyiko ndio ulio karibu na ukweli kuliko yote, ila wanatakwimu wamekwisha kuutwaa. Rai yangu ni kwamba jina la kipimo liwe entropi, kwa kutohoa, na kwamba fasili yake katika kamusi na vitabu ianze na maneno kipimo cha mtawanyiko wa nishati, bila vurugu kutajwa hata kwa mfano. Wapo watakaosema kwamba neno lililotoholewa halimwelezi mwananchi chochote. Ni kweli, lakini halimdanganyi, na vurugu humdanganya.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Wachimbaji wadogo wa Geita wanajua marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa ambao huoshwa tena, na kila unaporudi hudai kazi zaidi kwa dhahabu iliyo kidogo zaidi. Wanatumia pia zebaki, ambayo hushikamana na dhahabu kisha huchomwa ili dhahabu ibaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na maandishi ya kuwaelimisha wachimbaji yanahitajika kwa Kiswahili. Mfasiri atakayeandika kwamba zebaki hupotea hewani amesema kwamba haipo tena, na mchimbaji ana haki ya kumwamini. Aandike kwamba hutawanyika: kwamba iko katika paa la nyumba, katika udongo, katika maji na samaki wa ziwani, kiasi kile kile kilichonunuliwa, na kwamba kazi ya kuikusanya tena inazidi mno kazi ya kuinasa ingali ndani ya chombo chenye kifuniko.