Kuhesabu Pua za Nyuki

Jenomu ya nyuki wa asali ni mfululizo wa herufi zaidi ya milioni 200, na herufi zenyewe ni nne tu: A, C, G na T. Hakuna nafasi wala nukta. Mwaka 2006 Hugh Robertson na Kevin Wanner, wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, walichapisha orodha ya jeni za vipokezi vya harufu zilizomo humo: 170. Orodha hiyo ni kazi ya mikono.

Kazi ya namna hii huanzia kwa kinachojulikana. Mchambuzi huchukua protini ya kipokezi cha inzi wa matunda au cha mbu wa malaria, kisha huiagiza programu itafute kwenye jenomu ya nyuki chochote kinachofanana nayo. Mfanano ni hafifu mno, kwani hata ndani ya tawi moja la ukoo wa vipokezi hivi, viwili vyaweza kulingana kwa asilimia 15 tu. Programu hurudi na vipande, kimoja hapa, kingine mbele kidogo. Kila jeni mpya nayo hutumwa kutafuta wenzake, mpaka utafutaji usilete kipya.

Hapo ndipo macho yanapohitajika. Kipokezi kina amino asidi 400 hivi, lakini maelekezo ya kukiunda yamekatwakatwa, na katikati zimepachikwa herufi zisizotafsiriwa, yaani introni. Karibu kila introni huanza na GT na kuishia na AG. Tatizo ni kwamba GT na AG zimejaa kila mahali! Mchambuzi hujaribu mpaka mmoja wa introni, huunganisha vipande, husoma herufi tatu tatu. Akikutana na alama ya kukoma kabla ya wakati, huenda mpaka huo si wenyewe. Anarudi nyuma na kujaribu mwingine. Akiteleza kwa herufi moja tu, protini yote inayofuata huharibika. Kisha hupanga mstari wake chini ya mistari ya jeni za jamaa na kutazama kama introni zimeangukia palepale.

Zipo programu zinazofanya haya kwa kasi, ila jeni hizi huziponza. Jeni ya harufu hurudufiwa, nakala ikakaa ubavuni mwa mama yake, nayo ikarudufiwa tena. Mahali pamoja katika jenomu ya nyuki zimefuatana 60. Mashine ikifika penye msongamano kama huo, ni rahisi ishike mwanzo wa jeni moja na mwisho wa jirani yake, izihesabu kuwa moja. Mchambuzi huzitenganisha kama fundi cherehani anavyofumua mshono wa mwanagenzi, bila kuchana kitambaa.

Saba kati ya zile 170 zimekufa: zina kasoro zinazozizuia kutoa protini kamili. Hazikutupwa. Ukoo wa jeni hukua kwa kuzaa na hupungua kwa kufa, na asiyeandika wafu hawezi kueleza ukoo.

Mti wa ukoo ulipochorwa, jeni 157 ziliangukia tawi moja ambalo katika mti huo lilikuwa la nyuki peke yake. Inzi wa matunda ana vipokezi vya harufu 62, na mbu wa malaria 79. Kwa ladha mambo ni kinyume: nyuki ana 10 tu, inzi 68, mbu 76. Binafsi naistahi zaidi hiyo 10. Kuonyesha kilichopo ni rahisi. Kusema hakipo kunadai upekue kila kona.

Waliochunguza ubongo wa nyuki walikuwa wamehesabu vifundo vya kupokelea harufu 160 hadi 170. Hesabu mbili, zilizofanywa kwa njia zisizohusiana, zikakutana.

Mwaka 2007 Wanner na wenzake walichukua vipokezi vinne vinavyotumika zaidi kwenye vipapasio vya madume, wakaviweka katika mayai ya chura na kuvipitishia harufu za malkia. Kimojawapo, kile cha namba 11 katika orodha, kikaitikia ile harufu kuu ambayo kwayo malkia huwavutia madume. Kipokezi kilichounganishwa vibaya huenda kisingeitikia chochote.