Kĩrĩnyaga Ilivyopita Kitui Ikawa Kenya

Husemwa kwamba jina la nchi yetu lilizaliwa na ulimi mzito wa Mzungu: Wakikuyu walisema Kĩrĩnyaga, mgeni akashindwa, akatamka Kenya. Ukilinganisha Kikikuyu na Kikamba, maelezo hayo hayasimami.

Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huo kwa mbali akiwa Kitui. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu. Wakamba waliuita Kĩĩma kya Kĩĩnyaa. Krapf akaandika Kegnia, “gn” ikisimama badala ya “ny” kama katika tahajia ya Kifaransa.

Sasa tafuta r na g zilikokwenda. Mlima kwa Kikikuyu ni kĩrĩma, kwa Kikamba kĩĩma. Shamba ni mũgũnda, kwa Kikamba mũũnda. Mbuni ni nyaga, kwa Kikamba nyaa. Konsonanti hudondoka, irabu zikakutana. Ipitishe Kĩrĩnyaga katika kanuni hiyo, itatoka Kĩĩnyaa. Ufupisho basi ulifanywa na Wakamba wenyewe, kwa utaratibu wa lugha yao. Hata “e” ya Krapf haikuwa kosa, maana ĩ ya Kikamba hutamkwa karibu na e. Alichopoteza ni urefu wa irabu.

Jina lililovurugika hasa liko Makueni. Mtito Andei ni Mũtitũ wa Ndei, yaani msitu wa tumbusi. Ndei yenyewe ni nderi ya Kikikuyu iliyodondosha r, kwa kanuni ile ile. Lakini katika maandishi ya stesheni ya reli, “wa” ilipoteza w, na a iliyobaki ikagandishwa kwenye ndei. Mwandishi hakujua neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi.

Waingereza nao walipokea majina ya Kifaransa baada ya Wanormani kuwateka mwaka 1066. Ukoo wa Beauchamp ulizaa Beecham, tahajia ikifuata sikio. Kijiji cha Beaulieu kilibaki na herufi za Kifaransa, ila wenyeji husoma “Byuli”.

Kenya ilipatwa na hilo la pili. Koloni lilipopewa jina hilo mwaka 1920, Waingereza walizoea kulisoma “Kiinya”. Baada ya uhuru wa 1963 matamshi yenye “e” ndiyo yaliyoshika, nayo yako karibu zaidi na yale aliyoyasikia Krapf kwa Kivoi.