Jina la Ua kwa Pudeli wa Kitengela

Jina la ua analopewa pudeli hufanya kazi mbili zisizofanana. Huandikwa kwenye kadi ya chanjo na kutajwa mbele ya wageni sebuleni, na hapo uzuri wake ndio unaosikika. Kisha huitwa kwa sauti ya juu getini, upepo wa nyanda za Kapiti ukivuma na malori ya saruji yakipita barabara ya Namanga, na hapo kinachotakiwa ni jina linalomfikia mbwa. Wengi huchagua kwa kazi ya kwanza peke yake. Utaratibu unaofaa huanza na sikio la mbwa, ukaja kwa majirani, na rangi ya manyoya ikawa ya mwisho.

Mbwa wengi wa Kitengela ni wa ulinzi, nao huitwa Simba, Chui au Tiger ili mwizi asikie na kuogopa. Pudeli ana historia nyingine. Asili yake ni mbwa wa majini: Wajerumani walimwita Pudelhund, mbwa wa kurukaruka majini, na jina lake la Kifaransa, caniche, limetokana na bata, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwaleta bata waliopigwa risasi. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, linatambua pudeli wa vimo vinne, kuanzia sentimita 24 begani hadi 60. Ni mwepesi wa kujifunza maneno, na ndiyo maana jina lililochaguliwa vibaya humkera mwenye mbwa mapema: mbwa hulishika upesi, pamoja na kasoro zake zote.

Sauti ndiyo sehemu yenye mambo mengi. Mwaka 1990 Patricia McConnell, mtaalamu wa tabia za wanyama wa Marekani, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba sauti fupi zinazorudiwa na kupanda huwavuta mbwa waje, kuliko sauti moja ndefu inayoshuka. Jina la silabi mbili au tatu, lenye konsonanti zinazopasuka kama p, t, k au d, hukatika vizuri na hurudiwa bila kumchosha anayeita. Kiswahili kina faida yake hapa. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho na neno huishia kwa irabu, kwa hiyo Waridi, Dalia na Pareto yote yana mahali pa kupandishia sauti na mwisho ulio wazi. Jakaranda lina silabi nne na litafupishwa kuwa Jaka, atake asitake mwenye mbwa. Bogenvilia lina tano, na watoto wa nyumbani wataliua siku ya kwanza. Ni heri kifupi kichaguliwe mapema kuliko kuachwa kijitokeze, maana watu wanne wa nyumba moja huweza kuzua vifupi vinne, na mbwa asijue kipi ni chake.

Kelele nazo zina kipimo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mbwa hutambua jina lake hata sauti za watu wanaozungumza zikiwa na nguvu sawa na ya anayeita. Aliwekewa pia jina jingine lenye mkazo uleule, akalitofautisha na lake. Mbwa basi hasikilizi mapigo ya jina tu. Anasikiliza pia sauti zinazoliunda. Lakini usikivu huo una kikomo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd mjini Budapest walipima umeme wa ubongo wa mbwa waliokuwa wakisikiliza maneno wanayoyajua, maneno yasiyo na maana yaliyofanana nayo sana, na mengine yaliyo mbali kabisa. Ubongo ulitenga yale ya mbali. Yale yaliyotofautiana na neno halisi kwa sauti moja tu haukuonyesha kuyatenga.

Kwa hiyo jina lilinganishwe na amri zinazotumika nyumbani. Kitengela hizo huwa ni kuja, kaa, lala, shika, toka na wacha, zikichanganywa na za Kiingereza. Lili na lala yana konsonanti zilezile, na pudeli aitwaye Lili anaweza kulala chini akitakiwa aje. Shada, ambalo ni jina zuri kwa mbwa mwenye manyoya ya vifundo vifundo, linaanza kama shika na kuishia kama shika, na katika ploti yenye mbwa wa ulinzi shika si neno la kuchezea. Jina Ua lenyewe liachwe kabisa, kwa kuwa likipigiwa kelele usiku jirani atasikia amri ya kuua.

Mfano mgumu zaidi ni mgunga wa nyanda hizi, ule wenye vifundo vyeusi vinavyokaliwa na sisimizi na kupiga mluzi upepo ukipita kwenye matundu yake. Unaota kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi na maua yake ni meupe. Anayetaka ua la Kajiado, kaunti ya Kitengela, hawezi kupata lililo la hapa zaidi, na Gunga ni jina fupi lenye nguvu. Tatizo ni kwamba Gunga na kuja yana irabu zilezile kwa mpangilio uleule, na g na k hutamkwa mahali pamoja kinywani. Mbwa anaweza kuja kila mgeni anapokaribishwa ndani. Nyumba inayotumia njoo badala ya kuja inaweza kulichukua bila wasiwasi.

Hatua ya pili ni watu, na hapa ndipo uchaguzi mwingi unapoharibika. Majina ya maua yamejaa katika ubatizo wa Kenya: Rose, Lilian, Violet, Daisy. Mengine yamejificha. Rhoda ni waridi kwa Kigiriki, Susana linatokana na yungiyungi la Kiebrania, na Jacinta, linalopendwa sana na Wakatoliki, ni ua la hiasinti. Kwa Wakikuyu, ambao ni wengi Kitengela, binti wa kwanza hurithi jina la mama mzazi wa baba, na wa pili la mama mzazi wa mama. Jina hapo hubeba mtu mzima aliye hai au aliyetangulia. Nyumba ambayo nyanya anaitwa Rose ikimwita mbwa Rozi, itakuwa imemwita nyanya kila mbwa anapokemewa, na hakuna maelezo yatakayofuta hilo. Orodha ya majina ya mama wakwe, mashangazi na majirani wa ploti za karibu iandikwe kabla ya orodha ya maua.

Heshima ya dini inastahili uangalifu uleule. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mbwa ni najisi. Zahra ni lakabu ya Fatuma binti Mtume, na rihani imetajwa ndani ya Kurani. Majina hayo mawili hayafai kwa mbwa, hata kama mwenye mbwa anayasikia kama maua matupu. Yasmini, Asumini na Waridi ni majina ya wanawake wa pwani wanaoishi pia Kitengela, na ni adabu kuuliza kwanza. Langilangi, ua la manukato linalosifiwa Unguja na Mombasa, lingefaa sana kwa sauti kwa sababu tayari linajirudia. Kifupi chake, Langi, ni jina la watu wa kaskazini mwa Uganda, na hilo linatosha kulikataa.

Rangi huwekwa mwisho kwa sababu moja ya kimaumbile: pudeli wengi hubadilika rangi. Wale wa fedha huzaliwa weusi, na rangi yao halisi huanza kuonekana usoni na miguuni wanaponyolewa wakiwa wadogo. Wa rangi ya aprikoti mara nyingi hufifia kuelekea maziwa wanapokua. Kijibwa akiitwa Zafarani kwa wekundu wake anaweza kuwa mweupe hivi kabla hajafikisha miaka miwili. Karafuu, ambayo ni vitumba vya maua vilivyochumwa kabla havijafunguka na kukaushwa, humkaa vizuri pudeli wa kahawia, ingawa kahawia nayo hupauka. Mweupe hubaki alivyo, na kwake Kenya ina ua lisilo na mpinzani. Pareto ina petali nyeupe na moyo wa njano. Kenya iliongoza dunia kwa miongo mingi katika kuizalisha, na dawa yake huua viroboto. Hakuna binadamu wa ploti ya jirani anayeitwa Pareto, halikaribiani na amri yoyote, na lina p, r na t katika silabi tatu. Likifupishwa, Reto ni bora kuliko Pare, ambao ni watu wa milima ya kaskazini mashariki mwa Tanzania.

Mwenye jina refu analolipenda halazimiki kulitupa. Mashamba ya waridi yaliyotanda kutoka Kitengela hadi Isinya yanaishi na suluhisho hilo kila siku. Waridi la biashara huwa na jina la usajili na jina la soko. La usajili aghalabu huanza kwa herufi tatu za mzalishaji: MEI kwa Meilland wa Ufaransa, KOR kwa Kordes wa Ujerumani. Nchini Kenya haki za wazalishaji wa mimea zinasimamiwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea lililoanzishwa mwaka 1996, na Kenya ilijiunga na UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 1999. Waridi maarufu kuliko yote la Meilland liliitwa Madame A. Meilland Ufaransa, Gloria Dei Ujerumani, Gioia Italia na Peace Marekani, na kichaka kilikuwa kilekile. Mbwa wa nasaba husajiliwa kwa mtindo huohuo: jina la mbwa pamoja na la banda la mfugaji, kisha jina fupi la kuitia ambalo halipo kwenye cheti. Bogenvilia wa Kaputiei, Kaputiei likiwa jina la banda, linaweza kukaa kwenye cheti, na getini akaitwa Boge.

Majina mawili au matatu yaliyobaki yajaribiwe nje alasiri, wakati upepo una nguvu. Mtu mmoja asimame mwisho wa ploti upepo ukimvumia usoni na aite, mwingine asikilize nyuma ya ukuta na aandike alichosikia. Jina ambalo binadamu amelikosea mara mbili liondolewe. Lililoshinda lifundishwe kwa chakula: litamkwe mara moja, kijibwa akigeuka apewe kipande, bila amri nyingine nyuma yake. Katika wiki hizo za kwanza lisitumike kugombeza, kwa sababu mbwa atakayelihusisha na adhabu ataacha kulijia.

Yote hayo yamalizike kabla kijibwa hajafikisha miezi mitatu, umri wa chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa kadi hujazwa siku hiyo. Daktari wa mifugo aombwe aandike jina la cheti na la kuitia, yote mawili, kwa tahajia inayotumika nyumbani, pamoja na rangi ya manyoya ilivyo siku hiyo. Rangi isahihishwe chanjo inaporudiwa mwaka unaofuata.