Ardhi inayochanika kwenye mshono wa kale

Siku ambayo anga ni safi, mvuvi anayeanika dagaa ufukweni Lipingo, Tanzania, huiona milima ya Malawi ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Kati yake na milima hiyo kuna maji yanayofikia kina cha mita 700 hivi. Uso wa ziwa uko mita 474 tu juu ya usawa wa bahari. Maana yake, sakafu ya ziwa penye kina kirefu iko chini kuliko uso wa Bahari ya Hindi kwa zaidi ya mita 200. Hakuna mto unaoweza kuchimba shimo kama hilo katikati ya bara. Pale ardhi ilikatika ikadidimia.

Iliyoikata ni nguvu gani? Swali hili liliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi, na kosa lao la mwanzo linaeleweka. Duniani kuna jambo moja linalozaa matetemeko, volkano na milima kwa mpigo: bamba la gamba la dunia kuzama chini ya bamba jingine. Sumatra ni mfano ambao pwani ya Tanzania haijausahau. Huko bamba la Bahari ya Hindi linajisukuma chini ya visiwa vya Indonesia kwa sentimita chache kila mwaka. Mahali mabamba yalipobanana, mkazo hujilimbikiza hadi unapofyatuka. Ulifyatuka tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko likawa na ukubwa wa 9.1, na mawimbi yake yakaua watu hata Dar es Salaam. Bamba linalozama hubeba maji ndani ya madini yake. Likifika kina cha kilomita 100 hivi, joto na mgandamizo huyakamua maji hayo, nayo hulifanya jabali moto lililo juu yake liyeyuke kwa urahisi zaidi. Ndiyo sababu volkano za Sumatra zimepangana mstari mmoja sambamba na pwani.

Nyasa nako mambo hayo matatu yapo. Kuna Milima ya Livingstone iliyosimama kama ukuta kaskazini-mashariki mwa ziwa. Kuna volkano, Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 3,000. Matetemeko yapo pia. Haishangazi kwamba E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya jiolojia ya Uganda, aliandika mwaka 1921 kwamba bonde la Ziwa Albert lilitokana na kubanwa, kingo mbili zikisukumwa juu ya sakafu iliyo katikati. Mmarekani Bailey Willis alilitetea wazo la namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1936.

Mizania iliinamishwa na mitetemo yenyewe. Ufa unapoteleza, vituo vingine hupokea wimbi la kwanza likiisukuma ardhi na vingine vikilipokea likiivuta. Mtu akiziweka alama hizo za kusukuma na kuvuta kwenye ramani, anaweza kusema ni kipande kipi kilipanda na kipi kiliteremka, hata kama tukio lilikuwa kilomita nyingi chini ya ziwa. Mwaka 1972 Ntungwa Maasha na Peter Molnar walichapisha uchambuzi wa aina hiyo kuhusu matetemeko ya Afrika. Kwenye Bonde la Ufa, ambamo maziwa ya Nyasa na Albert yamo, picha ilikuwa ya ardhi inayovutwa pande mbili na vipande vyake kuteleza kuelekea chini. Hapabanwi, panachanika.

Baadaye vipimo vya setilaiti vilionyesha kwamba mashariki mwa Nyasa kuna bamba dogo linalojitenga na sehemu nyingine ya Afrika kwa milimita chache kwa mwaka. Wataalamu walilipa jina la mto: bamba la Ruvuma. Lipingo, Liuli, Mbamba Bay na Mbinga yote yako juu yake.

Mpasuko wenyewe haukupita kama kisu kwenye kitambaa. Ziwa limeundwa na mabonde kadhaa yaliyofuatana, na katika kila moja ufa mkuu uko upande mmoja tu. Kaskazini uko upande wa Tanzania, ndiyo maana Livingstone inatumbukia majini karibu bila ufukwe. Ukishuka kusini, ufa mkuu unahamia Malawi, karibu na Usisya. Lipingo basi iko upande wa bawaba, upande ule ambao ardhi ilipinda taratibu badala ya kukatika mara moja. Ghuba na fukwe za mchanga ambako wavuvi huegesha mitumbwi ni zawadi ya mpangilio huo. Nyuma yake ardhi inapanda hadi nyanda za juu za Umatengo, kwenye miteremko mikali ambayo wakulima waliibunia kilimo cha mashimo, yaani ngoro, ili mvua isiibebe mboji yao.

Rungwe nayo ina chanzo tofauti na volkano za Sumatra. Gamba likivutwa na kuwa jembamba, jabali moto la chini hupanda, uzito uliolikandamiza hupungua, nalo huanza kuyeyuka. Halihitaji maji ya bamba lililozama. Miaka 4,000 hivi iliyopita Rungwe ililipuka kwa nguvu kubwa, na tabaka la majivu yake bado limo kwenye tope la sakafu ya Ziwa Nyasa.

Hata hivyo, kuzama kwa bamba hakukosi kabisa katika hadithi ya Nyasa. Katika mkanda wa miamba wa Usagara kuna jiwe zito lenye ganeti nyekundu, eklojaiti, ambalo kemia yake inafanana na ya sakafu ya bahari na ambalo lilipikwa kwenye kina cha kilomita 60 hivi. Mwaka 1995 Andreas Möller na wenzake walilisoma kuwa ni alama ya bamba lililozama miaka bilioni 2 iliyopita. Eklojaiti imepatikana pia katika mkanda wa Ubende, unaotoka Ziwa Tanganyika hadi kaskazini mwa Nyasa. Mikanda hiyo ni makovu ya mabamba yaliyogongana kandokando ya kiini kigumu cha Tanzania, kile cha Dodoma na Ziwa Viktoria. Bonde la Ufa lilipokuja, lilikizunguka kiini hicho na kufuata makovu, kama nguo inavyofumuka kwenye mshono.

Kati ya mwaka 2013 na 2015 mradi wa SEGMeNT uliweka vipima mitetemo Tanzania na Malawi, vingine kwenye sakafu ya ziwa. Matetemeko ya huku hutokea hadi kina cha kilomita 30 na zaidi, ishara kwamba gamba bado ni baridi na gumu. Lakini tishio la karibu liko juu zaidi. Mfululizo wa Desemba 2009 huko Karonga, Malawi, ulifikia ukubwa wa karibu 6, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Haukutoka kwenye ufa mkuu wa Livingstone bali kwenye nyufa ndogo, za kina kifupi, upande wa pili wa bonde. Upande wa bawaba, kwa hiyo, hauna kinga ya kijiografia. Nyumba za Lipingo zilizojengwa kwa tofali na udongo zinahitaji mkanda wa zege wenye nondo juu ya madirisha, uzunguke kuta zote nne bila kukatika.